Fundi Alisikia Kiberiti Changu

Mnisamehe nisianze kwa salamu. Nikianza kusalimu nitazunguka, na kuzunguka ndiyo kazi niliyoifanya mwaka mzima. Kosa ni langu. Nilimdanganya mzee wa watu aliyeniamini, nikamdanganya kila asubuhi kwa miezi, na leo mzee huyo ana mguu mmoja.

Simaanishi mguu wa mafumbo. Nasema mguu wake wa kulia, umekatwa chini ya goti.

Nyumbani hakuna anayejua haya yote. Mama yangu hajui, dada yangu hajui, pasta wangu ndiyo kabisa. Ndiyo maana nakueleza wewe nisiyekujua. Wewe hatutakutana kesho sokoni ukaniangalia machoni.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Kiganjo hapa Thika, na nina saluni ndogo kule mtaa wa Landless. Nilianza sigara nikiwa na miaka ishirini na miwili. Sasa nina arobaini na mmoja. Katika miaka hiyo yote, watu walioniona na sigara mkononi hawajazi hata benchi la saluni yangu.

Mwanamume akivuta ni mvutaji tu. Mwanamke akivuta hapa kwetu, jamani, ataitwa majina ambayo hata mbwa haitwi. Kwa hivyo nikawa fundi wa kujificha. Nilivutia nyuma ya saluni, kati ya tangi la maji na ukuta. Dawa ya kulainisha nywele ina harufu ya kumtoa mtu machozi, na hiyo ilinisitiri sana. Nilitafuna majani ya mpera, nikanyonya iliki, nikajipaka losheni mpaka kwenye viwiko. Kanisani niliimba kwaya, na mwalimu wetu alikuwa akinisifu kwamba nimejaliwa sauti nzito. Nikasema asante.

Siku moja binti yangu, wakati huo akiwa gredi ya sita, alinikumbatia akitoka shule, kisha akarudi nyuma akaniangalia.

"Mami, mbona unanukanga kama soja wa shule?"

Nilicheka. Mlinzi huyo huvuta kutwa. Nikamwambia ni moshi wa jiko la mama wa mahindi. Halafu nikaingia bafuni nikalia, na nilipomaliza kulia nikawasha moja papo hapo. Hebu fikiria!

Wiki hiyo hiyo mteja wangu mmoja alinisimulia jinsi mumewe alivyoacha sigara kwa msaada wa kundi fulani la Ruiru. Nilimuuliza maswali mengi nikimsuka, nikasema ni kwa ajili ya kaka yangu. Sina kaka.

Kundi lenyewe lilijiita Kundi la Njugu. Tulikutana Jumapili saa tisa, baada ya ibada, kwenye chumba cha nyuma cha hoteli moja ya chai na mandazi pale Ruiru. Katikati ya meza palikuwa na sinia la njugu karanga, na kila mtu alikuwa akitafuna, kwa sababu mkono uliozoea kwenda mdomoni lazima upewe kazi nyingine. Hapakuwa na daktari wala mhubiri. Walikuwa ni watu tu walioacha, au waliokuwa wakijaribu kuacha.

Mwenyekiti nitamwita Kamaa. Alikuwa makanga wa matatu zamani, na sauti yake ilikuwa imekwaruzika kama redio mbovu.

"Hapa hatuchekani," alituambia siku ya kwanza. "Kila asubuhi unaandika kwa grupu ya simu siku yako. Siku ya kwanza, siku ya pili, hivyo hivyo. Ukianguka, unasema nimeanguka. Hakuna mtu atakuuliza ni nini. Tunakupea njugu, tunapiga makofi, unaanza tena moja."

Na hivyo ndivyo walivyofanya, nilishuhudia. Jumapili ile ile, dereva mmoja wa lori, mtu mkubwa mwenye kitambi, alisimama akasema ameanguka akiwa na siku mia mbili. Nilitegemea watu wagune. Wakampigia makofi, wakamjazia njugu kwenye viganja, yule baba akalia mbele yetu bila aibu.

Kumbuka hilo. Nililiona kwa macho yangu kabla sijafanya nilichofanya.

Kila mtu alipewa mwenzake. Kiu ya sigara ikikubana, unampigia mwenzako, na yeye anapokea hata kama yuko kazini. Si lazima muongee. Mnakaa kwa laini tu mpaka kiu ipite, kisha aliyepiga anasema, "Imepita," ndipo simu inakatwa. Aliyepigiwa hakati simu kwanza, na akisikia haijapita ana ruhusa ya kukuambia ukae. Hiyo ilikuwa sheria ambayo Kamaa hakutaka iguswe.

Mimi nilipewa mzee mmoja ambaye nitamwita Fundi, kwa sababu ndiyo kazi yake. Anashona sare za shule hapo Ruiru, kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa duka la dawa. Ana miaka sitini na kitu, mwembamba, shati lake limenyooshwa pasi hata siku ya kazi. Tuliingia kundini Jumapili moja, kwa hivyo namba zetu zilikuwa sawa. Kamaa akasema sisi ni mapacha.

Siku hiyo Fundi alivua kiatu cha kulia mbele ya watu wote. Kidole kikubwa kilikuwa kimegeuka cheusi.

"Daktari ameniambia mishipa imefunga. Nichague, ni sigara ama ni mguu," alisema. "Na mimi cherehani yangu haina stima. Stima yake ni huu mguu. Ukikatwa huu, na mashine pia imekatwa."

Halafu akanigeukia. Aliniita kairitu, msichana, kama wazee wa kwetu wanavyoita mwanamke yeyote anayeweza kuwa binti yao.

"Kairitu, utanishika?"

"Nitakushika, Fundi."

Nilisema hivyo kwa moyo wangu wote. Sikuwa nadanganya siku hiyo, naapa.

Siku za mwanzo, woi! Kichwa kiliniuma, nikamfokea mtoto, nikamkata mteja nywele zaidi ya alivyotaka. Lakini kila nilipobanwa nilimpigia Fundi, naye kila alipobanwa alinipigia. Alikuwa anaweka simu kando ya cherehani, spika imewashwa, na mimi nasikia mashine inavyokwenda, chaka chaka chaka. Yeye alisikia mashine yangu ya kukausha nywele na umbea wa wateja. Wakati mwingine tulikaa dakika kumi bila neno. Kisha anasema, "Haya, imepita," tunakata, kila mtu anaendelea na kazi.

Sijawahi kuwa na rafiki wa namna hiyo. Hata baba wa mtoto wangu, tulipokuwa pamoja, hakuwahi kukaa nami dakika kumi akinisikiliza nikipumua.

Nilifika siku ya ishirini na tatu nikiwa safi kabisa.

Siku ya ishirini na nne nilimwekea dawa ya nywele msichana mmoja aliyekuwa anakwenda kuvishwa pete. Simu ikanichelewesha, mambo ya mwenye nyumba, na nilipogeuka dawa ilikuwa imemchoma ngozi ya kichwa. Alipiga kelele mpaka watu wa duka la jirani wakaja. Mama yake akanitukana mbele ya wateja, na alikuwa na haki. Nilimwosha, nikampaka aloe vera, nikaomba msamaha mpaka nikaishiwa na maneno. Walipoondoka, kiu ikanibana kuliko siku zote.

Simu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni. Ningempigia Fundi. Badala yake nilitoka nyuma, nikamkuta soja wa jengo la pili amekaa kwenye kreti ya soda anavuta, nikamwambia, "Nipe hiyo." Hata sikusema tafadhali.

Nilivuta mara tatu, nne. Kizunguzungu kikanipata, na baada ya kizunguzungu nikasikia raha. Sitaki kukuficha, ilikuwa raha tupu.

Kesho yake asubuhi nilishika simu niandike nimeanguka. Ni neno moja tu. Lakini Fundi alikuwa ameshaandika, dakika chache kabla: "Siku ya 25. Mimi na pacha wangu." Kamaa amemwekea makofi, dereva wa lori amemwekea makofi. Nikajiambia, nikisema nimeanguka leo, huyu mzee atabaki peke yake na namba yake. Atavunjika moyo. Mguu wake utakuwa juu yangu. Nikaandika, "Siku ya 25."

Umeona ujanja huo? Nilijidanganya kwamba namdanganya kwa faida yake. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Nilikuwa nimezoea kujificha miaka kumi na tisa, na nilipopewa mahali pa kutokea, nikaingia humo humo nikajificha tena.

Nilisema nitasema Jumapili. Jumapili ikafika, nikala njugu, sikusema. Jumapili iliyofuata hivyo hivyo. Kwanza nilikuwa navuta moja kwa siku, kisha mbili, kisha nikarudi kulekule nilikotoka. Na kila asubuhi, bila kukosa, niliandika namba. Arobaini. Hamsini na tano. Sabini na moja. Fundi akinipigia nilipokea, nikakaa kwa laini kama kawaida, na yeye akapona kiu yake. Mimi sikumpigia tena hata mara moja. Aliniambia, kwa furaha, "Kairitu, wewe ulimaliza kabisa. Huna haja na mimi."

Siku ya tisini Kamaa aliamua tusherehekewe. Tulikwenda kwenye bustani moja karibu na maporomoko ya Chania, kundi zima na familia, tukabeba keki, soda na mfuko mkubwa wa njugu. Walituvika mimi na Fundi mashada ya karatasi za kumetameta kama watoto wanaohitimu. Nikaambiwa nitoe neno.

Nikatoa, Mungu anisamehe! Nilisimulia mapambano ambayo sikupigana. Nilieleza jinsi kiu inavyokuja na jinsi ya kuishinda. Nilikuwa na maneno matamu kweli kweli, wanawake wawili wakafuta machozi. Binti wa Fundi, Njoki, ambaye ndiye aliyemtunza baba yake tangu mama afariki, alinikumbatia mpaka shada langu likakwanyuka.

"Auntie, umetuokolea mzee. Sijui hata nikwambie nini."

Fundi naye akaketi kwenye nyasi, akavua kiatu, akavua na soksi. Kidole kilikuwa bado na doa, lakini weusi ulikuwa umerudi nyuma, na ngozi juu yake imeanza kuwa na rangi ya mtu.

"Shika," akaniambia. "Shika uone."

Nikashika unyayo wake. Ulikuwa na joto.

"Unasikia? Ulikuwa kama jiwe. Sasa ona."

Niliushika mguu ule kwa mikono yangu miwili. Kisha nikasema nakwenda msalani mara moja, na huko, nikiwa bado nimevaa shada, nikawasha sigara.

Ningeweza kuikomesha hadithi hapo nikakwambia niliacha siku hiyo kwa uchungu. Sikuacha.

Wiki moja baadaye shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Kwa fundi wa sare huo ndio wakati wa kufa na kupona. Wazazi wanakuja wote siku moja, kila mmoja anataka sweta na kaptura ya kesho. Ilikuwa saa tisa mchana. Mimi nilikuwa nyuma ya saluni, kati ya tangi na ukuta, sigara mdomoni sijaiwasha, kiberiti mkononi. Simu ikaita. Fundi.

Nilipokea. Sheria ni sheria, hata kwa mwongo.

"Kairitu, leo imenishika vibaya," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekimbia. "Vibaya sana. Duka la sigara liko hapa tu. Nimesimama mara mbili nikakaa."

"Niko hapa, Fundi. Niko kwa laini."

"Usikate."

"Sikati."

Tukanyamaza. Cherehani haikuwa inalia. Nilisikia akivuta pumzi ndefu, anaitoa polepole, kama tulivyofundishwa. Na mimi nimesimama pale, simu sikioni, nimeibana kwa bega, na mikono yangu ikaendelea na kazi iliyokuwa imeianza. Sikuiamuru. Naapa sikuiamuru! Mkono wa kushoto ulishika kiberiti, wa kulia ukakwaruza njiti, nikavuta.

Mtu aliyevuta miaka arobaini anaijua sauti hiyo kama mama anavyojua kilio cha mtoto wake. Kwanza njiti. Kisha kile kimya kidogo. Kisha pumzi inayotoka.

"Umewasha nini, kairitu?"

"Jiko, Fundi," nikajibu hapo hapo. "Nataka kuchemsha maji ya kuosha mtu nywele."

Jibu lilitoka laini, hata halikunikwama kooni. Nilisikia pikipiki ikipita upande wake, na mtu akiuliza bei ya tai ya shule. Nikangoja.

"Sawa," akasema. Kisha akasema, "Imepita."

Haikuwa imepita! Hata dakika tatu zilikuwa hazijaisha. Nilijua haijapita, na sheria ilinipa ruhusa ya kumwambia kaa, usikate, hujapona. Lakini kumwambia hivyo ni kukaribisha swali la pili kuhusu jiko. Nikasema, "Haya Fundi, Mungu akubariki." Tukakata, na nikamalizia sigara yangu.

Baada ya hapo hakunipigia tena. Siku ya kwanza niliogopa. Siku ya pili nikaona ameandika kwenye grupu, "Siku ya 99," bila ile ya mimi na pacha wangu, hata hivyo moyo wangu ukatulia. Nikaandika yangu. Siku ya mia, Kamaa akatuma picha za fataki. Fundi akashukuru, nami nikashukuru.

Jumapili hakuja. Akaandika kwamba kazi ni nyingi. Jumapili iliyofuata hakuja tena.

"Mama, pacha wako ako aje?" Kamaa akaniuliza.

"Ako sawa," nikasema. "Ni hizi uniform tu."

Nilikuwa sijazungumza naye majuma mawili! Ningeweza kushuka kwenye kibanda chake, ni hatua chache kutoka kwenye ile hoteli. Nilikuwa napita upande wa pili wa barabara, naangalia chini. Kumfuata kulimaanisha kumwangalia usoni, na sikuwa na uso wa kumwangalia nao. Basi kila asubuhi yeye akaandika namba, mimi nikaandika namba, na watu wakatupigia makofi.

Kisha zikapita siku tatu bila namba yake. Siku ya nne Njoki akanipigia.

"Auntie, baba ako hosi. Walimkata mguu jana."

Nilikuwa namsuka mtu. Nilimwacha na nusu kichwa.

Nilinunua njugu njiani, sijui nilikuwa nawaza nini. Na nje ya geti la hospitali, kabla sijaingia, nilivuta moja. Nakwambia yote leo. Nilivuta moja nikienda kumwona.

Njoki alikuwa mlangoni mwa wodi. Alinifungulia mikono kama siku ile ya Chania, akanikaribia, kisha akasimama. Pua yake ilimwambia. Mikono ikashuka.

"Unanuka," akasema.

Alinipisha.

Fundi alikuwa amelala chali, shuka limemfunika mpaka kifuani, na upande mmoja wa shuka ulikuwa bapa pale ambapo ulistahili kuinuka. Sikujua nitazame wapi. Nikaketi, nikaweka njugu kwenye kabati dogo la kando ya kitanda.

"Siku ile ulisema ni jiko," akaanza, taratibu, bila hasira.

"Ndiyo."

"Jiko halivutwangi."

Nikalia. Aliniacha nilie, akangoja, kama tunavyongoja kwenye simu.

"Mimi nilijua," akasema. "Nilikaa hapo kwa mashine nikafikiria. Huyu ndiye aliongea Chania mpaka watu wakalia. Huyu ndiye nguvu. Kama huyu imemshinda, mimi mzee ni nani? Nikaenda hapo dukani. Na huo mguu ndio ulinipeleka. Halafu asubuhi nikaona umeandika tisini na nane. Nikasema, kumbe hivi ndivyo inafanywanga. Nikaandika na mimi."

"Nisamehe, Fundi."

"Ungeniambia tu umeanguka. Mimi pia ningekuwa nimekupigia makofi."

Njoki akasema wakati wa kutazama wagonjwa umeisha. Haukuwa umeisha. Niliondoka.

Baadaye Njoki alinitumia ujumbe kwamba daktari alisema huenda mguu ungekatwa tu, hata kama baba angeacha kabisa. Sijui aliandika kwa huruma au kwa sababu ni kweli. Neno hilo, "huenda", nimeling'ang'ania usiku na mchana. Lakini halinisaidii, kwa sababu mimi niliushika mguu ule. Ulikuwa na joto.

Jumapili iliyofuata nilisimama kwenye chumba cha nyuma cha ile hoteli nikasema yote. Nilisema tangu siku ya ishirini na nne. Sikuacha hata kile kisa cha msalani na shada. Nilitaka wanifukuze. Nilitaka Kamaa anivue nguo mbele za watu kwa maneno. Yule dereva wa lori akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, na Kamaa akanijazia njugu viganjani.

"Siku ya kwanza ni kesho," akasema.

Sikuweza kuzitafuna. Nilizishika mpaka zikaloa jasho, na nilipofika nyumbani nikazimwaga.

Tangu hapo nimejaribu kwa kweli, ujue sasa sifichi kitu. Nimefika siku ya pili. Nimefika siku ya nne. Mara moja nilifika siku ya tisa, nikadhani nimetoka, na siku ya kumi nikajikuta nyuma ya tangi sijui hata nilifikaje. Nimetupa viberiti. Nimemwambia soja asinipe hata nikimlilia, na amekataa kunipa, na nimekwenda kununua mwenyewe. Nimefunga, nimeombewa, nimeacha kwaya kwa sababu siwezi kusimama pale mbele. Kila nikivuta nauona ule upande wa shuka ulio bapa. Ungefikiri hilo linatosha kumzuia mtu. Kwangu ndilo linalonifanya nitake kuvuta. Niambie, mtu atatokaje kwenye duara kama hilo?

Binti yangu sasa anajua. Siku hizi haniulizi nanuka nini. Ananisogezea iliki mezani, kimya kimya, na hilo ndilo linaniumiza zaidi ya swali lake.

Na Fundi? Fundi aliacha. Kwa kweli ameacha, tangu kitandani. Cherehani sasa anaisukuma Njoki baada ya kazi yake, na baba yake ameketi kando na magongo, anakata vitambaa na kuweka vifungo. Na kila asubuhi, siyo kwenye grupu, kwenye simu yangu peke yangu, anaandika. "Siku ya 31. Wewe?" "Siku ya 46. Wewe?" Sikuwa namjibu. Ningemjibu nini?

Juzi jioni nilijibu. Niliandika, "Sina siku, Fundi. Imenishinda."

Simu ikaita hapo hapo. Nikaenda nyuma ya saluni nikapokea. Hakunisalimu, hakuuliza kitu. Alikaa tu. Nilisikia mkasi wake ukikata kitambaa, na nyuma yake cherehani ikienda na kusimama, ikienda na kusimama, Njoki bado hajaizoea vizuri. Tukakaa hivyo. Dakika kumi. Labda kumi na tano. Wateja wakaniita ndani, sikuitika.

Mwishowe niliona haya kumkalisha mzee wa watu kwenye simu.

"Imepita, Fundi," nikamwambia.

Hakusema sawa. Mkasi ukasimama.

"Haijapita," akasema. "Na mimi sijakata."

Nililia mpaka nikachuchumaa pale chini ya tangi. Yeye akaendelea kukaa. Simu yangu ndiyo iliyozima yenyewe, chaji ilikuwa imekwisha. Na nikwambie la mwisho, ingawa nisingependa ulijue: kiberiti kilikuwa mfukoni. Simu ilipozima, niliwasha.

Kwa hivyo sina ushauri wa mtu aliyeshinda. Huo nenda katafute kwingine. Mimi nina onyo tu. Wewe unayeacha sigara, au pombe, au kamari, au chochote, na kuna mtu anayehesabu siku zake akitazama za kwako: ukianguka, mwambie siku hiyo hiyo. Usingoje Jumapili. Usijiambie unamlinda. Atakupigia makofi, nakuapia, na aibu ya kusema ni ya dakika mbili. Mwambie kabla yeye mwenyewe hajakisikia kiberiti chako. Mwambie angali na miguu yake yote miwili.